Mafuta Mkononi mwa Josiah

Ninyi mnaolima mpunga na ndizi kando ya Tana, ninyi mnaofuga, na ninyi mnaopita Garsen mkielekea Malindi au Hola bila hata kushuka garini, hii ni habari ya nyumba moja tu. Nawaomba mkae nayo hadi mwisho. Karibu kila nyumba yetu ina mwanamume kama Josiah, na nyingi zina binti kama Christabel.

Asubuhi ile ya mwezi wa nne ilianza vizuri. Mvua ilikuwa imenyesha ikakoma, na uani kwa Josiah, katika kijiji kimoja chini kidogo ya Garsen, ardhi ilinukia udongo wa mto. Mama wa nyumba, Asenath, alikuwa jikoni akichemsha ndizi mbichi na kambare. Christabel, binti yao mkubwa, alikuwa amerudi juzi kutoka Hola, alikokuwa katika mwaka wa pili wa diploma ya mitambo. Alikuwa amechutama kando ya baba yake, wakitazama mtumbwi mkuukuu ulioinuliwa juu ya magogo mawili na kujazwa maji.

Hivyo ndivyo Wapokomo, watu wa mto huu, walivyotafuta matundu ya mitumbwi tangu zamani. Unaujaza maji kwa ndani, kisha unapitisha kiganja taratibu kwa nje, chini ya tumbo lake, ukiwa umefumba macho. Mahali jicho linapoona mbao kavu, kiganja kinahisi ubaridi.

"Wewe msomi," Josiah alisema, "unaona tundu hapo?"

"Sioni, Baba."

"Lete kidole." Aliushika mkono wa binti yake, akaupeleka hadi mahali palipokuwa na unyevu mdogo kama jasho la mtoto. "Umehisi?"

"Nimehisi!"

"Basi." Aliinua mkono wake wa kulia, mpana, wenye sugu, akaugeuzageuza kama mtu anayeonyesha cheti. "Mkono huu haujanidanganya hata siku moja. Wengine wana darubini. Mimi nina huu."

Asenath alicheka kutoka jikoni. "Na mdomo pia unao, Baba Christa. Njooni mle."

Hawakuwahi kula. Caleb, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, alifika akihema, suruali imelowa hadi magotini. Redio ilikuwa imetangaza kwamba maji yanakuja kutoka juu. Watu wa Ndera, juu ya mto, walikuwa wameanza kuyaona. Zilibaki siku nne, tano zikizidi sana, na ukuta wa udongo unaokinga mashamba ya mpunga ulikuwa na pengo ambalo ng'ombe watatu wangepita sambamba.

"Na Korongo je?" Josiah aliuliza.

"Korongo amechoka. Anainua mkono, kisha mkono unashuka wenyewe. Twende, Baba Christa. Bila wewe hakuna kitu."

Korongo lilikuwa tingatinga la kuchimbia, lenye mkono mrefu wa chuma na ndoo yenye meno. Kikundi kililinunua kuukuu, na mtu wa kwanza kulipanda alikuwa Josiah. Hakufundishwa na mtu. Alijifungia nalo wiki nzima, akivuta wenzo huu na kusukuma ule, hadi likamtii. Tangu siku hiyo kijiji kilimwita fundi, na yeye aliliamini jina hilo. Alistahili, sikatai. Tatizo ni kwamba mtu akiitwa fundi kwa miaka mitatu bila kuulizwa swali, huanza kuona maswali kama matusi.

Walipofika ukutani walikuta watu wengi, wanaume na wanawake, majembe mabegani. Galgalo pia alikuwapo. Huyu alikuwa Muorma, mfugaji, jirani wa miaka mingi, aliyekuwa ameleta ng'ombe wake kunywa maji na alikuwa katikati ya kuwadunga dawa. Korongo lilisimama ukingoni, limezungukwa na matawi ya mathenge, mti ule wa miiba mirefu, yaliyokatwa kufungua njia. Josiah alilipanda, akaliwasha, akachota udongo, akainua. Ndoo ilipanda vizuri. Kisha, mbele ya macho ya wote, ikaanza kushuka polepole kama kichwa cha mtu anayesinzia kanisani.

"Lakini hivi," Caleb aliuliza, akimgeukia Christabel, "hili dude linainua vipi? Sioni kamba wala mnyororo. Naona vipaipu vya mpira tu."

Christabel alitabasamu. Hilo ndilo somo alilolipenda kuliko yote. Alimwomba Galgalo sindano mbili bila ncha, ile nene ya ng'ombe na ile nyembamba ya mbuzi, akaziunganisha kwa kipande cha mpira, akazijaza maji zote mbili mpaka pasibaki hewa.

"Tazameni. Maji haya yamefungiwa. Hayana pa kukimbilia, na hayakubali kubanwa yakawa madogo. Nikiyasukuma hapa, yanasukuma kila mahali, juu, chini, pembeni, kwa kani ile ile katika kila sehemu yenye upana sawa. Sasa, huku kwenye sindano ya mbuzi nimesukuma sehemu ndogo. Kule kwenye ya ng'ombe sehemu ni pana mara kumi. Kila sehemu inapata msukumo wake, na yote ikijumlishwa nguvu inakuwa mara kumi."

"Maneno tu hayo," mtu mmoja alitania.

"Sawa. Baba, njoo uzuie."

Josiah alishuka. Aliishika ile sindano nene na kuweka dole gumba juu ya kitako cha kisukumio chake, akakaza. Christabel aliisukuma ile nyembamba kwa kidole kimoja. Dole gumba la Josiah, dole lililochonga mitumbwi thelathini, likainuliwa taratibu. Alikaza meno. Likaendelea kupanda.

Ukingo mzima ulilipuka kwa kicheko.

"Fundi ameangushwa na kidole cha msichana!"

"Na hata hakutoka jasho, jamani!"

"Baba Christa, rudi kwenye mitumbwi!"

Josiah alicheka pia, lakini kwa mdomo tu. Christabel aliliona hilo na moyo ukamshuka. Hakutaka kumwaibisha. Aliharakisha maelezo ili kicheko kipite. Katika Korongo, alisema, pampu ndiyo kidole, mafuta ndiyo maji, na zile silinda ndefu kwenye mkono ndizo sindano za ng'ombe. Ndoo ikishuka yenyewe, huenda kuna mahali mafuta yanatoroka. Alizunguka mashine, akachungulia, akaona paipu moja karibu na kiwiko cha chuma imechakaa na kung'aa unyevu.

"Ni huku. Lakini asishike mtu. Msukumo wa mafuta humo ndani unafika mara mia ya upepo wa gurudumu la gari. Tushushe ndoo chini kwanza, tuzime injini, tutoe msukumo wote. Tukitaka kuona tundu lenyewe, tutumie kipande cha katoni kwenye fimbo ndefu, na sote tusimame mbali. Mwalimu wetu alituambia..."

"Mwalimu wenu," Josiah alimkatiza, "amewahi kuziba mitumbwi mingapi?"

"Baba, si mtumbwi huu."

"Maji ni maji. Mafuta ni maji mazito. Kinachovuja kinavuja." Aligeuka akawatazama watu, sauti ikapanda. "Nyumbani kwangu sijafundishwa kushika kitu na mtoto niliyemfundisha mimi kushika kijiko."

Watu wakacheka tena, safari hii upande wake. Nawauliza, ndugu zangu: ni nani kati yetu aliyesema, "Hebu tumsikilize msichana"? Hakuna. Hata Caleb aliyeuliza swali alitazama pembeni.

Josiah alipanda, akainua ndoo iliyojaa udongo mbichi, akaiacha ikining'inia huku injini ikinguruma. Uzito wote ule sasa ulikuwa umeyakalia mafuta yaliyofungiwa ndani ya silinda na paipu. Akashuka, akafumba macho kama asubuhi ile, akapitisha kiganja cha mkono wa kulia juu ya paipu.

"Baba!"

Alishtuka na kuuvuta mkono. Kwenye kitako cha kidole cha shahada palikuwa na nukta nyekundu, ndogo kuliko alama ya mbu. Hapakuwa na damu ya kusema. Aliifuta kwenye suruali.

"Nimelipata," alisema akiwa na furaha. "Si niliwaambia?"

"Baba, yamekuingia. Twende hospitali sasa hivi."

"Kimeingia nini? Mwiba wa mathenge huu, si unaona yalivyojaa?" Akapiga teke tawi lililokuwa karibu. "Tukikimbilia hospitali kwa kila mwiba, nani atalima Tana River?"

Alizima mashine, akaifunga paipu kwa vipande vya mpira wa baiskeli, tabaka juu ya tabaka, akaendelea kuchimba hadi saa tisa alasiri. Watu walimpigia makofi. Christabel alisimama kando akihesabu saa. Alikumbuka vizuri ukurasa wa daftari lake: tundu dogo kama la sindano, maumivu machache mwanzoni, na mafuta yanasafiri ndani kwa ndani kufuata mishipa na kano, yakiua yanapopita. Afanyiwe upasuaji ndani ya saa chache. Aliyajua yote hayo. Lakini alikuwa amemchekesha baba yake mbele ya watu mara moja siku hiyo, na hakuwa na moyo wa kumpinga mara ya pili.

Jioni kabla jua halijatua, mkono ulikuwa mzito. Josiah alisema kidole kimekufa ganzi. Asenath alifanya kile ambacho mke yeyote wa huku angefanya kwa mwiba wa mathenge. Alichemsha maji ya chumvi, akachovya kitambaa, akakamua, akaukanda mkono wa mumewe kwa moto kadiri alivyoweza kuvumilia. Alikanda kwa upendo, akipulizia, akimwimbia pambio chini chini kumsahaulisha maumivu.

"Mama, usiuchome kwa moto," Christabel alisema.

"Kwa nini?"

Josiah aliinua macho kumtazama binti yake.

"Basi tu," Christabel alijibu. "Utamuunguza."

Kulipokucha mkono ulikuwa umevimba hadi kifundo, ngozi imevutika na kung'aa. Asenath alishikilia waende Garsen. Alibaki yeye na wadogo, Christabel akamsindikiza baba yake kwenye kliniki ndogo iliyo karibu na soko. Daktari wa zamu alikuwa Khairat, mwanamke kijana kutoka Kipini, mwenye sauti ya upole na macho yasiyopitwa na kitu.

"Shikamoo, baba. Haya, nambie, kimekuingia nini mkononi?"

"Marahaba, mwanangu. Mwiba. Mathenge."

Khairat aliugeuza mkono, akaubonyeza pole pole. "Umevimba mno kwa usiku mmoja. Mwiba wenyewe ulitoka?"

"Ulitoka."

"Ulikuwa wafanya kazi gani?"

"Shamba."

"Baba, sikia. Mimi hapa naona mambo mengi, na mengine watu huyaonea haya. Kama ni kitu kingine, nambie. Sitakucheka."

"Mwiba, daktari."

Hapo Khairat akamgeukia Christabel. "Na wewe, dada? Ulikuwapo? Ni mwiba kweli?"

Nataka mkione chumba kile jinsi kilivyokuwa. Kilikuwa na meza moja, kitanda kimoja, dirisha lenye wavu, na nje wauza matikiti wakibishana. Josiah aliketi kitandani, mkono umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Alimtazama binti yake. Si kwa ukali. Ingekuwa afadhali angekuwa mkali, maana ukali Christabel angeupinga. Alimtazama kama mtu anayeomba.

Christabel alitazama sakafu. "Yeye mwenyewe ndiye anayejua," alisema.

Khairat akaandika. Alimdunga sindano ya pepopunda, akampa vidonge, akamwonya: rangi ikibadilika, au kidole kikikataa kabisa kukunjika, arudi hapo hapo bila kungoja kesho. Mwiba wa mathenge una sumu, na dawa alizotoa zilikuwa sahihi kwa mwiba wa mathenge. Alitibu alichoambiwa.

Njiani kurudi, Josiah alisema, "Ahsante, mwanangu." Christabel alilia kimya hadi nyumbani, na baba yake alidhani analilia mkono.

Siku ile Asenath aliukanda tena. Na asubuhi ya pili yake, vidole viwili vilikuwa na rangi ya maji ya chai baridi, na Josiah aliongea maneno yasiyofuatana kwa homa. Hata hivyo alipopata fahamu alikataa kwenda popote. Vidonge havijaisha, alisema. Mwiba huchukua muda.

Saa nne hivi Galgalo alikuja na kibuyu cha maziwa, kama ilivyokuwa desturi yake jirani akiugua. Alibisha hodi, akakaribishwa, akaketi kwenye kigoda. Akautazama mkono. Kisha akainama, akaunusa.

"Josiah, hii mkono imefanya nini?"

"Mwiba, rafiki yangu."

"Mimi nafuga ng'ombe miaka arobaini. Kila siku natoa mwiba ya mathenge. Kwa kwato, kwa ulimi, kwa jicho. Mwiba inaleta moto na usaha. Hii mkono yako iko baridi. Hii vidole imekufa." Aliinua kichwa. "Na mwiba gani inanuka dizeli?"

Asenath alisimama mlangoni na sufuria ya maji ya moto, mvuke ukimpanda usoni. Alimtazama mumewe. Mumewe alifumba macho. Akamtazama binti yake.

"Si mwiba, Mama," Christabel alisema, na maneno yakamtoka yote kwa pamoja kama ndoo iliyopinduliwa. "Ni mafuta ya Korongo. Paipu ilikuwa na tundu, na Baba akalishika kwa mkono. Yalimpenya. Yako ndani. Yako ndani tangu juzi, na moto unayaeneza, nilisoma, alitakiwa kupasuliwa siku ile ile..."

Asenath aliiweka sufuria chini pole pole, kama inayoweza kuvunjika.

"Ulijua?"

"Mama..."

"Mimi nachemsha maji. Mimi naukanda mkono wa mume wangu kwa mikono hii. Na wewe umekaa hapo, unanitazama, unajua?"



Galgalo ndiye aliyekimbia kutafuta gari. Pale kliniki, Khairat alisikia ukweli akiwa amesimama. "Laiti mungaliniambia jana," alisema tu, kwa sauti isiyokuwa na hasira, na huku anasema tayari alikuwa amepiga simu ya ambulansi. Barabara ya Malindi ilikuwa imeanza kuliwa na maji pembeni. Walifika hospitali ya Malindi alasiri.

Daktari wa upasuaji alikuwa mzee mwenye nywele fupi nyeupe. Aliufungua mkono kuanzia kidole hadi karibu na kiwiko. Baadaye alitoka, akawaita mama na binti faragha, akawaeleza bila kuzungusha. Mafuta yalikuwa yamepita katikati ya kano kama maji kwenye mfereji, hadi juu ya kifundo. Nyama yaliyoigusa ilikuwa imeoza. Sumu ilikuwa inaelekea kwenye damu. Lazima wachague: mkono au mtu.

"Mngemleta siku ile," aliuliza, "ni umbali gani toka kwenu?"

"Saa mbili na nusu," Christabel alijibu.

Daktari alitikisa kichwa, akampa Asenath karatasi ya kutia sahihi. Asenath aliitia. Mkono wa kulia wa Josiah ulikatwa jioni hiyo, chini kidogo ya kiwiko.

Maji ya mto yalikuja siku mbili baadaye. Ukuta haukuwa umekamilika, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuliendesha Korongo, kwa kuwa Josiah hakuwahi kumfundisha yeyote. Mpunga wa nyumba kumi na moja ulilala chini ya matope, wa Caleb ukiwamo. Siku hizo hakuna aliyecheka pale ukingoni.

Josiah alirudi nyumbani mwezi wa tano ukiwa unaisha. Watu walimjia kwa makundi, na hapo ndipo Christabel alipoona vizuri kilichopotea. Mgeni akiingia, bega la kulia la baba yake lilijongea mbele lenyewe, kisha likasimama. Ndipo anatoa mkono wa kushoto akisema, "Samahani kwa mkono." Kwa kila mtu, wazee kwa watoto, "Samahani kwa mkono." Kwenye sherehe ya ubatizo wa mtoto wa Caleb, sinia la wali lilipowekwa katikati ya wanaume, Josiah alisema ameshiba, akaenda kukaa peke yake nyuma ya kanisa. Hakutaka kutia mkono wa kushoto katika chakula cha wenzake. Joy, bintiye wa mwisho mwenye miaka minne, alimfuata na kumuuliza mkono ule mwingine utaota lini.

Asenath alimhudumia mumewe kwa yote, kumfunga vifungo, kumkatia samaki, kumnyoa. Lakini kwa Christabel alisema yale tu ya lazima. Chumvi iko wapi. Fagia uani. Usiku hakumtakia lala salama. Nyakati nyingine binti alimkuta mama yake amekaa peke yake jikoni akivitazama viganja vyake mwenyewe, akivigeuza juu na chini.

Siku ya Christabel kurudi chuoni, Josiah aliwaita wote wawili ukumbini. Alikuwa amekonda, na shati lake jeupe lilikuwa na mkono mmoja uliokunjwa na kushikizwa kwa pini.

"Mama Christa," alianza, "umemnunia mtoto huyu mwezi mzima. Nilikuwa nanyamaza kwa sababu ukimnunia yeye, huninunii mimi. Hilo nalo ni kosa langu, naliongeza kwa mengine."

Asenath alitazama pembeni.

"Mwiba nilitunga mimi. Nilijua tangu dakika ile ile kwamba si mwiba. Yale mafuta yalinipiga kama risasi. Lakini wenzangu walikuwa wamecheka, na kama ningesema ni mafuta, ingekuwa binti yangu amenishinda mara mbili kwa siku moja. Nikaona afadhali mwiba." Akamgeukia binti yake. "Kule kwa daktari, Christa, nilipokutazama, nilikuwa nakuomba uninyamazie. Nawe ulinitii, kama nilivyokulea. Mwanangu, kama ningejua utii ule utanigharimu nini, ningekulea mkaidi."

Asenath alilia kwa sauti, kilio ambacho hakuwa amekitoa hata hospitalini. Christabel alipiga magoti mbele ya baba yake ili ampe mkono wa kuagana, kama binti wa kwao anavyofanya. Alinyoosha mkono wake wa kulia. Ukabaki pale hewani, peke yake, hadi Josiah alipoinama na kuupokea kwa wa kushoto.

"Samahani kwa mkono," alisema.

FUNZO

Mashine zinazofanya kazi kwa mafuta yaliyofungiwa sasa zimejaa kwetu. Ziko kwenye matingatinga, malori ya kumwaga mchanga, hata jeki za kuinulia gari. Nguvu inayoinua tani za udongo ndiyo hiyo hiyo inayotoka kwenye tundu lisiloonekana, na ngozi ya binadamu si kitu mbele yake. Usitafute uvujaji kwa mkono, hata kama babu yako aliziba mitumbwi mia kwa njia hiyo. Shusha mzigo, zima injini, toa msukumo. Tafuta kwa katoni juu ya fimbo, ukiwa mbali. Ikitokea umedungwa, hata kama huumwi, usiukande mkono kwa maji ya moto, usilale nayo, nenda hospitali saa ile ile na useme wazi: ni mafuta ya mashine. Daktari hawezi kutibu ulichomficha.

Hayo ni ya mashine. Yaliyobaki ni ya kwetu, na ndiyo mazito. Kilichomla Josiah kilianza kabla hajaigusa ile paipu. Kilianza tulipocheka, kisha tukacheka tena. Tunawapeleka watoto wetu shule, tunauza mbuzi na magunia kuwasomesha, halafu wakirudi na kile tulichowatuma kukitafuta tunawauliza wamekitoa wapi kiburi hicho. Mzazi, kubali kuambiwa. Kuambiwa na mtoto wako hakukupunguzi. Uliyemsomesha akijua kitu, umejua wewe.

Na ninyi mabinti na vijana, mkijua jambo linalookoa uhai, semeni. Semeni mkipuuzwa, semeni mkichekwa, semeni hata mzazi akiwatazama kwa macho ya kuomba. Muinamieni, mpigieni magoti mkitaka, lakini mkiwa mmepiga magoti hayo, semeni. Heshima inayomwacha baba aoze mkono siyo heshima. Ni woga, na tuache kuuita kwa jina lingine.